Mama mdogo ameambiwa ana HER2 3+: hizi protini zinasukumaje saratani ya titi, na je tumzuie dagaa?

#1 Binti_Kibirizi
Habari wakuu. Niko Kigoma mjini. Mama mdogo wangu wa Uvinza, miaka 47, alipata uvimbe titi la kushoto tangu mwaka jana akakaa nao kimya, sasa tumemleta mjini kakatwa kinyama na majibu yametoka. Karatasi inasema ER hasi, PR hasi, HER2 3+, halafu chini Ki-67 asilimia 40. Daktari alieleza vizuri tu ila tuliingia ukoo mzima kwenye chumba kimoja kila mtu akatoka na lake. Nilichoshika mimi ni kwamba kuna protini imezidi na hiyo ndiyo inafanya seli zizaliane bila kusimama. Sasa nyumbani ni vita, mjomba anasema protini ni dagaa, maharage, maziwa na mayai, kwa hiyo mgonjwa asiguse kimojawapo, ale ugali na mchicha mpaka apone. Na mgonjwa anamtii, ameshaanza kukonda. Naombeni wajuzi: hizi protini zinatoka wapi, zinafanyaje kazi mpaka seli iharibike, na chakula kinahusika?

#2 Mnyamwezi_Asilia
Pole sana dada. Mimi si mtaalamu ila mtu wa Kigoma kumnyima dagaa ni kumuonea, kama mmeshindwa kuwala leteni huku Tabora tutawapa asali. Ngoja wenye fani waje.

#3 Fundi_Darubini
Pole Binti. Niko maabara hapa Tabora, slaidi ndiyo kazi yangu kila siku, ngoja nijaribu.

Kwanza mpeni mgonjwa chakula leo leo. Protini ya dagaa ikifika tumboni inavunjwavunjwa inakuwa asidi amino, mwili ndio unaamua ujengee nini, misuli, damu, nywele, chochote. Hakuna dagaa anayesafiri kwenda kukaa kwenye titi akawa HER2. Hiyo HER2 seli inaitengeneza yenyewe kwa kufuata jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17, na kila mtu anayo, hata mimi mwanaume.

Seli ya kawaida ina nakala mbili tu za hiyo jeni, na kwenye utando wake wa nje vipokezi vya HER2 vinakuwa kama 20,000 hivi. Kwa mgonjwa wa 3+ (yaani tukipaka rangi ya maabara HER2 inaonekana kwa kiwango cha juu kabisa) mara nyingi jeni imejinakili kupita kiasi, vipokezi vinaweza kufika hata milioni 2. Kipokezi kimesimama kwenye utando, kichwa nje mkia ndani, kazi yake kupeleka habari ndani kwamba kua, gawanyika. Ukoo wao wako wanne, HER1 mpaka HER4. Hao wengine wanasubiri kichocheo cha ukuaji kije kutoka nje kiwashike ndipo waamke. HER2 hana anachosubiri, muda wote yuko tayari, akigusana na mwenzie hasa HER3 wanashikana na habari inaingia ndani. Sasa wakisongamana milioni 2 wanashikana wao kwa wao hata pasipo habari yoyote kutoka nje. Ni kama boti ya injini pale Kibirizi mkono wa mafuta umekwama mwisho, nahodha akiachia haipungui.

ER na PR ni vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni, hasi maana yake kwake havikuonekana. Hiyo Ki-67 nayo ni protini lakini sisi tunaitumia kuhesabu tu, inaonekana kwenye seli iliyo katika harakati za kugawanyika. Asilimia 40 maana yake katika kila seli 100 tulizoangalia, 40 ziko kwenye hizo harakati. Uvimbe una kasi.

#4 Binti_Kibirizi
Fundi ubarikiwe sana, nimemsomea mjomba kwa sauti, kanyamaza. Jioni mama mdogo kala migebuka.

#5 Mwalimu_Bio_Kasulu
Fundi kaeleza vizuri ila ameishia mlangoni mwa seli, na huko ndani ndiko mimi natofautiana naye kidogo.

HER2 akishikana na HER3 (ambaye mkia wake peke yake karibu haufanyi kazi) habari inapita njia mbili kubwa za protini zinazopokezana. Moja ni ya PI3K kwenda AKT, hii inaiambia seli usife. Nyingine ni ya RAS kwenda MAPK, hii inasema gawanyika. Zote zinapandisha protini inaitwa saiklini D1. Saiklini D1 inashikana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, hao wanainyamazisha protini nyingine inaitwa RB ambayo kazi yake ni kuzuia seli isianze kunakili DNA. RB ikinyamaza seli inaingia kugawanyika. Hizi habari za saiklini na CDK ndizo zilizowapa Hartwell, Hunt na Nurse tuzo ya Nobel mwaka 2001, na nikifundisha kidato cha sita lazima niwataje.

Sasa hoja yangu. Seli nzima ina walinzi, mkubwa wao ni p53. Seli ikianza kugawanyika kwa fujo p53 inaisimamisha, ikishindikana inaiamuru ijiue. Kwa hiyo HER2 ikizidi peke yake haitoshi, lazima na vizuizi viwe vimeharibika. Kusema HER2 ndiyo chanzo ni nusu ya habari.

#6 Mnyamwezi_Asilia
Mwalimu hapo kwenye MAPK umeniacha stendi. Halafu boti ya Kibirizi haina breki, kwa hiyo mfano wa Fundi na hoja yako vinagongana.

#7 Fundi_Darubini
Mwalimu sijapinga walinzi, na kweli uvimbe mwingi wa HER2 chanya ukiupima unakuta na p53 imeharibika. Lakini angalia ushahidi wa dawa. Ukimpa mgonjwa dawa inayoziba HER2 tu, p53 ukaiacha na ubovu wake, uvimbe unasinyaa. Kama HER2 siyo inayosukuma ungesinyaaje?

#8 Mwalimu_Bio_Kasulu
Unasinyaa kwa wengi, kwa baadhi unarudi. Na ukirudi mara nyingi unakuta njia ya PI3K imepata mabadiliko yake yenyewe huko chini, haihitaji tena kuamriwa na HER2. Kinachosukuma leo si lazima kiwe ndicho kilichoanzisha.

#9 mama_Sikonge
Mwangaluka wote. Binti mwanangu pole, mwambie mama mdogo asikate tamaa, mimi niko hapa nalima na kuuza mpunga. Mimi yangu ilikuwa ER chanya PR chanya HER2 hasi, nikatolewa titi, nikapata kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), sasa nameza tamoksifeni kila siku. Joto linanipanda usiku mpaka nabadilisha shuka ila nameza tu. Nilichokuwa sielewi miaka yote hii, mimi naambiwa ni homoni, yeye anaambiwa HER2, sasa huu ni ugonjwa mmoja au magonjwa mawili yamepewa jina moja?

#10 Dozi_Kamili
Mama swali lako ndilo hata wakubwa wanaligombania. Mimi ni mfamasia.

Kipokezi cha estrojeni (hiyo ER) hakikai nje kama HER2, kiko ndani kwenye kiini cha seli. Estrojeni ikiingia inakishika, vikiwa pamoja vinakwenda kukaa kwenye DNA na kuwasha jeni za kukua, mojawapo hiyo hiyo saiklini D1 aliyoitaja mwalimu. Kwa hiyo milango miwili tofauti, sebule moja. Karibu wagonjwa 7 kati ya 10 duniani ni ER chanya. Tamoksifeni inakaa kwenye kipokezi pale ambapo estrojeni ingekaa, kwenye titi haiwashi, ndiyo maana unameza miaka 5 na wengine wanaongezewa kufika 10. Usikatishe kwa sababu ya joto, ongea na daktari wako.

Na jambo la kushangaza, mwaka 1896 daktari wa Uskoti anaitwa George Beatson alichapisha habari za kina mama aliowaondoa ovari, saratani ya titi ikasinyaa. Wakati huo estrojeni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. Tamoksifeni ikaja kutengenezwa miaka ya 1960 maalumu kwa ajili ya saratani hii.

#11 Fundi_Darubini
@Dozi_Kamili hapo mwisho rekebisha. Kampuni ya Uingereza iliyoitengeneza tamoksifeni ilikuwa inatafuta dawa ya kuzuia mimba baada ya tendo. Kwa binadamu haikufaa, ikawa inachochea yai kutoka badala ya kuzuia. Ndipo ikahamishiwa kwenye saratani, Marekani wakaipitisha 1977.

#12 Mlugaluga
Mnazunguka sana. Mimi nasema chanzo ni vijiti na sindano za uzazi wa mpango. Si mmesema wenyewe estrojeni inawasha seli? Bibi zetu hawakuweka vijiti na hawakuwa na saratani ya titi. Na mafuta ya mawese ya kuchemsha mara kumi kumi huko Kigoma nayo mnayaachaje?

#13 Nesi_Urambo
Mlugaluga kaka yangu taratibu, kina mama wanasoma hapa na mmoja akiondoa kijiti kwa maneno yako atakuja kwangu na mimba asiyoitaka. Ukweli ni kwamba tafiti zinaonyesha anayetumia njia za homoni hatari inapanda kidogo, akiacha inashuka taratibu. Na vijiti tunavyoweka huku na ile sindano ya miezi mitatu havina estrojeni, vina projestini, homoni nyingine. Bibi zetu walikuwa nayo, ilikuwa inaitwa jipu au amerogwa, anafichwa ndani mpaka harufu. Nimewaona hata sasa hivi, anakuja titi limeshapasuka kwa sababu alipitia kwa mganga kwanza.

Kitu kingine bibi walizaa mapema wakazaa wengi wakanyonyesha miaka miwili miwili. Kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hatari inapungua kama asilimia 4.3, juu ya kile kinachopungua kwa kuzaa kwenyewe.

#14 Binti_Kibirizi
Nesi sasa mama mdogo kazaa sita na wote kawanyonyesha, hajawahi kuweka kijiti, mwembamba, pombe hajui ladha yake. Hapo inakuwaje?

#15 Nesi_Urambo
Hatari kupungua si kuisha mdogo wangu. Na mengi ya hayo (uzazi, unene baada ya kukoma hedhi, pombe) yanahusiana zaidi na hii ya estrojeni aliyonayo mama Sikonge. Unene kwa mfano, mwanamke akishakoma hedhi mafuta ya mwilini ndiyo yanaendelea kumtengenezea estrojeni. Ya HER2 haifuati sana hiyo njia.

#16 Kwetu_Ujiji
Na ukoo? Kwetu shangazi wawili na bibi. Watu wanasema kuna jeni inaitwa BRCA ndiyo inayosukuma hizo seli, unarithi unasubiri siku.

#17 Mwalimu_Bio_Kasulu
BRCA1 haisukumi, iko upande wa pili kabisa. Protini yake inakarabati DNA iliyokatika. Ukirithi nakala mbovu moja, na ile nzima nayo ikaja kuharibika kwenye seli fulani, makosa yanarundikana mpaka yaguse jeni zinazosukuma. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba iko kwenye kromosomu ya 17, ile ile ya HER2 na p53, jeni yenyewe ikapatikana 1994. Na mgonjwa wa BRCA1 mara nyingi uvimbe wake unakuwa hasi zote tatu, yaani ER, PR na HER2. Hii inanirudisha kwenye hoja yangu, kuharibika kwa walinzi ndiko kunakotangulia.

Shangazi wawili na bibi si jambo la kupuuza, dada zako waanze kupimwa mapema.

#18 Dozi_Kamili
Turudi kwa mgonjwa wa Binti. Dawa yenyewe inaitwa trastuzumabu, ni kingamwili iliyotengenezwa, inakwenda kushika kichwa cha HER2 pale nje, inavuruga zile habari na inaziita seli za kinga zije zishambulie. Marekani walianza nayo 1998, Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2015. Kama ugonjwa haujasambaa inatolewa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, mwanzoni pamoja na kemo. Ila inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo kabla ya kuanza lazima apigwe picha ya moyo, ile ya jeli, na kurudiwa kama kila miezi mitatu. Msikubali kuruka hicho kipimo.

Haya yote yalitokana na kazi ya Dennis Slamon na wenzake, 1987 walionyesha kwamba wenye nakala nyingi za HER2 walikuwa ugonjwa unarudi haraka na wanaishi muda mfupi. Asilimia 30 ya wagonjwa wako hivyo.

#19 Fundi_Darubini
Hiyo 30 ndiyo iliyokuwa kwenye ile kazi ya 1987. Hesabu za sasa ni kama 15 mpaka 20. Na Binti msiwe na wasiwasi na kipimo cha pili, 3+ inajitosheleza. Ingekuwa 2+ ndiyo tungesema jeni yenyewe ihesabiwe kabla ya kuamua dawa.

#20 Kaka_Reli
Samahani nje ya mada kidogo, mgonjwa akitoka Kigoma kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar ni heri treni au basi? Mama yangu naye ana rufaa, mgongo unamsumbua.

#21 Mnyamwezi_Asilia
Treni ya kulala kama atapata nafasi, anajinyoosha. Basi kwa mgonjwa wa mgongo ni mateso. Akipita Tabora niambie nimletee uji na maembe stesheni, sitanii, nyumbani ni hatua chache kutoka pale.

#22 Nesi_Urambo
Aulize kwanza kama Bugando Mwanza hapamfai, nako saratani wanatibu. Kwa watu wa Kigoma na Tabora mara nyingi ni karibu zaidi kuliko Dar, na matibabu haya ni ya kwenda na kurudi, nauli inamaliza watu kabla ya dawa.

#23 Shemeji_wa_Nzega
Nimesoma uzi wote. Mke wangu aliandikiwa hasi zote tatu, tukaambiwa hakuna protini ya kulenga ni kemo tu. Nikasoma mahali kwamba weusi ndivyo tulivyo, sisi nyingi ni hasi tatu. Ni damu yetu au kuna kitu?

#24 Fundi_Darubini
Pole shemeji. Afrika Magharibi kweli hiyo aina ni nyingi, na Wamarekani weusi ambao wengi asili yao ni huko pia wanayo kuliko weupe. Huku Mashariki haifiki kiwango cha kule. Kwa hiyo "weusi" ni neno pana mno kwa jambo hili.

Na kuna la kazi yangu ambalo linaniuma. Kinyama kikikatwa kinatakiwa kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ndani ya saa moja, na kikae humo saa 6 mpaka 72. Huku kwetu unaletewa kinyama kimekaa kwenye chupa kavu, au kwenye maji ya chumvi, au kimezama fomalini wiki mbili kikisubiri gari. Protini ya ER imeshaharibika, ninaweka rangi haishiki, ninaandika hasi. Mwanamke ambaye tamoksifeni ingemfaa anakosa kwa sababu ya chupa. Siwezi kusema ni wangapi lakini kila nikiona hasi tatu naangalia kwanza kile kipande cha titi kisicho na ugonjwa pembeni ya uvimbe kama rangi imeshika. Kama nacho hakijashika, hayo majibu siyaamini, naomba kingine.

#25 Mwalimu_Bio_Kasulu
Fundi hapo nakuunga mkono lakini tusibebeshe chupa kila kitu. Wagonjwa wetu wanaugua wakiwa na umri mdogo, na kwa vijana hasi tatu ni nyingi zaidi popote duniani. Watu wetu ni vijana, hilo peke yake linasogeza hesabu hata kama chupa zingekuwa safi zote.

#26 Shemeji_wa_Nzega
Kwa hiyo naweza kuomba kile kinyama chake kipimwe tena?

#27 Fundi_Darubini
Unaweza. Ulizia kipande kilichogandishwa kwenye nta, maabara nyingi wanakitunza. Kama uvimbe ulitolewa baadaye kwa upasuaji, hicho ndicho bora zaidi. Ni haki yenu, ombeni kwa upole mkiwa na namba ya maabara mkononi.

#28 Mlugaluga
Sijaridhika na hili la vijiti, ila la chupa limenigusa. Dada yangu naye aliandikiwa hasi. Kesho naenda kuitafuta hiyo namba.

#29 Binti_Kibirizi
Mrejesho: picha ya moyo imefanyika iko vizuri, anaanza wiki ijayo Mwanza, bima inashughulikiwa. Mama Sikonge amempigia simu wameongea karibu saa nzima, mama mdogo kacheka kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke. Mama asante. Bado nina swali kwa Fundi na Mwalimu, kama HER2 anayo kila mtu kwa nini kwake ijinakili na kwangu isijinakili?

#30 Mwalimu_Bio_Kasulu
Kosa la kunakili wakati seli inagawanyika, ambalo walinzi waliokwisha kuharibika wakaliacha lipite. Kwa nini kwake, mengine ni bahati mbaya tu ya seli moja. Hili la kunakilika kwa HER2 kwa kawaida halirithiwi, hukulipata kwake.

#31 Fundi_Darubini
Nakubali halirithiwi. Kwamba walinzi walitangulia bado nabisha. Kuna vivimbe vichanga kabisa, bado vimefungiwa ndani ya mrija wa maziwa havijatoka, na HER2 unaikuta imeshazidi hapo. Tena humo inazidi mara nyingi kuliko kwenye saratani zilizokwisha toka.

#32 Mwalimu_Bio_Kasulu
Na p53 ukiipima humo humo kwenye mrija?

#33 Fundi_Darubini
Kwa vingi nayo imeshaharibika. Lakini si kwa vyote mwalimu, si kwa vyote.

#34 Gungu_Juu
Wakuu nimechelewa. Baba yangu miaka 63 ana kigumu nyuma ya chuchu hakiumi, chuchu imeanza kuvutwa ndani. Wanaume hawapati hii si ndiyo?

#35 Nesi_Urambo
Wanapata, kama 1 katika kila wagonjwa 100, na wengi wao ni ER chanya kwa hiyo dawa ipo. Mpeleke wiki hii, hospitali ya Maweni ni karibu na nyinyi. Na wakikata kinyama ulizia fomalini.

#36 Gungu_Juu
Kesho asubuhi nampeleka.